Ndama wa Dodoma

Dada Zuhura, shikamoo. Watangazie Bagamoyo nzima: kanzu uliyonishonea imetoboka magotini!

Ni hawa Wagogo. Jana tuliigiza karibu na boma, watoto wangu wawili wakiwa ng'ombe ndani ya ngozi moja. Binti wa kundi letu alipochuchumaa kumkamua, bibi mmoja akasimama: "Acheni uongo! Ndama yuko wapi? Maziwa yatashukaje kabla hajanyonya?" Uwanja mzima ukaguna, mchezo ukasimama. Miaka kumi na tano naongoza watoto waigizaji, halafu nifundishwe kazi na mfugaji!

Nilitaka kukuandikia kwamba nilimjibu. Ukweli, dada, nilipiga magoti na kitambi changu, nikatambaa nikilia kama ndama hadi kwenye kiwele. Walishangilia mno. Watoto hawataki ndama mwingine. Mungu akulinde, na uniwekee kiraka.