Mtungi wa Insulini

Jumanne, Novemba

Yaani wifi kamwaga mchanga wote! Ule mtungi wa udongo kutoka Ikombe niliutia mchanga wenye maji ili insulini ya mama mkwe ikae humo isiharibike na joto hili. Yeye kauosha, kaujaza maji ya kunywa. "Mtungi mzuri hivi unautia mchanga?" ananiuliza.

Dawa nimeikuta dirishani, jua linaipiga, chupa ya moto kama chai. Dawa ya mama yake mzazi!

Siwezi kumchoma nayo. Kesho nakwenda Kyela mjini kutafuta nyingine, na nikiikosa...

Jioni mama kanywa kikombe kizima cha maji ya mtungi. "Ndaga fijo, mwanangu," akamshukuru binti yake. "Maji baridi kweli."

Mimi ninayemchoma sindano kila siku, hiyo ndaga sijawahi kuisikia.