Marhamu ya Maua Meupe

Siglufjordur, 8 Julai 1957

Mama Sesselja,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi na mjukuu wako Unnur tu wazima, ila mikono yangu. Wewe je, na magoti yako?

Mwaka umepita tangu tuondoke hapo shambani. Baada ya mwanao Steinar kuzama, kila nilipofungua dirisha niliiona bahari iliyomchukua. Sasa niko huku kaskazini, natumbua samaki wa heringi na kuwapanga na chumvi kwenye mapipa. Chumvi imenipasua vidole hadi kushika kijiko ni kazi. Dawa ya dukani inawasha tu.

Naikumbuka marhamu yako ya vallhumall. Tulivyokuwa tukipanda mlimani kuchuma yale maua meupe, na Steinar akitutania kwamba tunanuka kama dawa ya kondoo. Unaweza kunielekeza inavyotengenezwa?

Mkweo,
Gudfinna


Hvammur, 19 Julai

Gudfinna,

Salamu zimefika. Magoti yanalalamika, lakini zizini bado yananifikisha.

Pokea kopo zima. Paka unapokwenda kulala, kisha vaa soksi za sufu mikononi. Ukitaka kutengeneza mwenyewe, chuma siku kavu, maua yakiwa yamefunguka vizuri. Yapike kwenye siagi isiyo na chumvi, moto mdogo, mpaka siagi igeuke kijani, uchuje kwa kitambaa. Ukiwa na haraka utaishia kukaanga majani.

Sikuwa nimepanda kule tangu msiba. Jana nilipanda kwa ajili yako. Nilikaa pale Steinar alipojikata mguu kwa fyekeo akiwa kijana. Nilitafuna majani nikambandika, damu ikakata. Akaniambia, "Mama, mate yako yanauma kuliko fyekeo." Nikacheka peke yangu huko mlimani, kondoo wakanishangaa.

Unnur bado ana meno ya mbele? Akipata mafua mchemshie maua makavu, utie sukari, maana ni machungu.

Mama mkwe wako,
Sesselja


Siglufjordur, 4 Agosti

Mama mpendwa,

Salamu nyingi, na shukrani zaidi. Vidonda vya vidole vimefunga. Kopo limezunguka bweni zima. Hata msimamizi wetu, ambaye hacheki na mtu, alikuja kuninong'oneza akiomba kidogo. Nimebakiwa na harufu tu. Unnur ni kibogoyo na anaringa.

Kuna jambo, na ni afadhali ulisikie kwangu. Ketill, fundi wa mapipa hapa, ameniomba tuoane. Ni mtu mpole, na Unnur amemzoea. Steinar hajatoka moyoni mwangu, Mama. Lakini nimechoka kula peke yangu baada ya mtoto kulala. Sijamjibu. Ukiona vigumu kuniandikia tena nitaelewa, ingawa nitaumia.

Mkweo, kama bado ni mkweo,
Gudfinna


Siglufjordur, 10 Septemba

Mama,

Natumaini u mzima. Kila meli ya posta ikifika nauliza. Samaki wamekwisha, wasichana wanarudi makwao. Ketill nimemwambia asubiri. Siwezi kuingia nyumba mpya huku mlango wako umefungwa nyuma yangu.

Unnur anakusalimu.

Gudfinna


Hvammur, 28 Septemba

Gudfinna mwanangu,

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira heri asiandike. Barua ya kwanza niliyokuandikia niliichoma, ya pili nayo ikaifuata. Niliona kama unamzika mwanangu mara ya pili.

Jumapili tulimaliza kuwashusha kondoo kutoka milimani. Nikarudi nimechoka, nikapika supu, na kwa mazoea nikaweka mabakuli manne mezani. Nikakaa nayatazama mpaka supu ikapoa. Ndipo nikaelewa ulichoniandikia. Steinar hali tena, sote tunajua. Lakini hakuna aliyesema sisi tuliobaki tule kila mtu kivyake.

Njooni kabla theluji haijafunga njia. Unnur alale na mimi, simwachii mtu. Na huyo Ketill aje na zana zake. Ni msimu wa kuchinja, na pipa langu la nyama linavuja tangu mwaka juzi. Kila jirani anaahidi kulitazama. Akiliziba, atakula kwangu. Akishindwa, atakula vilevile.

Mama yako,
Sesselja