Keki ya Kumuaga Dereva

Shoga, nimekula keki. Ya ngano! Mimi na huu utumbo wangu usiovumilia ngano hata chembe, mbele ya ofisi nzima.

Tulikuwa tunamuaga dereva wetu anayestaafu. Hotuba zikarefuka, sukari yangu ikashuka ghafla. Jasho, mikono inatetemeka. Natafuta glukosi kwenye mkoba, kumbe nimeisahau nyumbani. Na soda zote mezani hazina sukari, eti walininunulia mimi, mgonjwa wao wa kisukari!

Ningefanyaje? Nikabugia kipande kizima nisije nikazimia.

Bosi akasema kwa sauti, "Kumbe ngano unakula! Na sisi miaka miwili tunakuagizia chakula chako peke yako."

Watu wakacheka. Kumbe ngano unakula! Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Sasa niko chooni, tumbo linanikata. Sukari imeshapanda hadi kumi na saba. Nikichoma insulini halafu nikatapika, itashuka tena. Nisipochoma, itazidi kupanda. Nimeshika sindano tu, naitazama.

Bosi amegonga mlango, anauliza kama niko salama. Nimemjibu niko salama.

Shoga, usiniambie nifanye nini. Kaa tu hewani.