Sekunde Kumi na Mbili za Uso Wako

Paluku, yaya wangu, kaka mkubwa wa tumbo moja,

Miezi yote hii nimekukasirikia, na hata sasa ninapokuandikia hasira haijaisha. Nilikuambia usiende kurekodi ile harusi ya kule Mbau. Ulicheka, ukatia kamera begani, ukasema, "Kambale, batu banaoana hata mu vita. Nani atabawekea souvenir?" Wenye silaha walifunga barabara mchana kweupe. Hata mwili wako hatukuupata.

Unakumbuka studio yetu pale Butembo, jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta? Tuligombana kwa jambo lilelile kila wiki. Wateja walitaka harusi nzima, kuanzia mahari hadi dansi, ikae kwenye CD moja ya kuwapelekea ndugu walioko Kayna na Kanyabayonga. Wewe ulitaka picha kamili, image clé ulivyoiita, iwekwe kila sekunde. Mimi nilizitenga mbali, moja kila sekunde kumi na mbili, na katikati kompyuta iandike tu kilichobadilika. Faili likawa dogo, CD ikatosha, mteja akaenda zake amefurahi.

"Hapana, Kambale," ulikuwa ukisema. "Mutu akitafuta mama yake mu film, picha inakwama. Na CD ikikwaruzika kidogo, sura yote inakufa mpaka image clé ingine."

"Mais yaya, CD mbili nani atanunua?"

Mwishoni tulipatana: sekunde nne. Tukapeana mkono kabisa. Ulipotoka nje, nikarudisha kumi na mbili. Hilo sikuwahi kukuambia.

Kwenye matanga Mama aliomba picha yako. Tulipekua nyumba nzima. Mtu aliyerekodi harusi za mji mzima hakuwa na picha yake hata moja, na kitambulisho ulikwenda nacho mfukoni. Ndipo nikakumbuka harusi ya dada yetu Kavira, ulipoigeuza kamera ikakutazama wewe, ukasema, "Mama, miye pia niko hapa!" Kaseti yenyewe nilikuwa nimeshaifuta kwa kurekodi harusi ya wengine. Kavira alikuwa na CD, imekwaruzika.

Mkwaruzo uliangukia ile picha kamili iliyokutangulia. Sauti yako inatoka safi, yaya, safi kabisa, lakini mahali pa uso wako kuna miraba ya kijivu inayotetemeka, sekunde kumi na mbili nzima, kisha inatokea keki. Kwa sekunde nne ningekupata ukicheka. Najichukia kwa hilo, nawe nakuchukia kidogo kwa kuwa ulikuwa na haki.

Mama alitazama mara tatu. Akauliza, "Kompyuta yenu inaharibu sura ya mutoto wangu juu ya nini?" Nikamjibu kwamba CD ndiyo mbaya. Kavira aliniangalia, akaichomoa CD yake.

Basi Mama akachagua mwenyewe. Watu wamesema siku zote kwamba tunafanana, kwa hiyo alichukua picha yangu, akaitia kwenye fremu, akaizungushia rozari. Padri aliiombea kwenye misa yako. Sasa iko ukutani sebuleni, na kila asubuhi Mama huigusa na kuisalimia, "Paluku, umeamuka?" Mimi nimekaa hapohapo nakunywa chai, na siku hizi haniangalii tena.

Pumzika huko uliko, nisikokujua.

Mdogo wako,
Kambale