Picha ya Nzi Mmoja na Ng'ombe wa Baba Mkwe

Maman Colombe, wewe unayejibu barua zetu, nisaidie kabla ya siku ya soko, maana roho yangu haitulii. Miye ni Joviale wa hapa Nguba, na furaha yangu ni kupiga picha za nzi wadogo kwa telefone na kutafuta majina yao pamoja na watu wa kikundi kimoja cha mtandao. Juzi mume wangu Luc na miye tulienda Sange kusalimia baba yake, Papa Grégoire, tukakuta ng'ombe zake zinakonda, nami nikapiga picha ya nzi aliyekaa kwenye mguu wa ng'ombe mumoja, picha haikutoka vizuri kwa sababu ng'ombe alikuwa anarusha mguu, nikasema inafanana na tsetse, yule mbung'o anayeambukiza ng'ombe ugonjwa wa kuua, inafanana tu, lakini muzee alishika neno hilo kama la daktari, na sasa anataka kuuza ng'ombe zote siku hiyo ya soko, kabla hazijakufa, wakati watu wa kikundi wananiambia kwa picha ile mabawa hayaonekani, pengine ni nzi wa zizini, hakuna anayeweza kujua. Luc ananiambia ninyamaze, kwani baba yake alishajisifu kwa majirani kwamba mukamwana wake anajua wadudu. Nikinyamaza ng'ombe zinaenda, nikisema jina langu linaharibika ukweni. Nifanye nini?

Joviale, pole. Kupenda nzi si kosa, na kuteleza kwa neno kunampata kila mtu. Kosa ni hili unalotaka kufanya sasa: kuficha neno "sijui".

Leo hii mpigie muzee simu, wewe mwenyewe, usimtume Luc. Mwambie: "Papa, picha yangu haitoshi. Usiuze kwanza, ninarudi tuangalie pamoja." Usijitetee.

Halafu nenda kweli, na Luc akusindikize. Ngoja nzi atulie, mpige picha kutoka juu: tsetse akipumzika hulaza bawa moja juu ya lingine kama mkasi uliofungwa, nzi wa zizini huyaacha yametanuka. Kamata wachache kwenye chupa, uwapeleke kwa veterinere, daktari wa mifugo, naye aje apime damu ya ng'ombe, kwa maana hata ukijua jina la nzi, bado hujajua kinachowakondesha.

Luc anaogopa aibu ya baba yake. Basi ajiulize majirani watasema nini zizi likibaki tupu kwa ajili ya picha mbaya.

Muzee akikasirika, mwache akasirike, akiwa bado na ng'ombe wake.