Laini Moja ya Kwenda Bukoba

Mjukuu wangu Koku,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku Muleba hatujambo. Mguu wa babu yako umepona. Jana alianua kahawa mwenyewe, akinifokea nisimsaidie.

Unauliza kuhusu waya wako wa intaneti, ule mmoja unaohudumia nyumba nyingi: je, kila nyumba itengewe fungu lake lisiloguswa, hata wenyewe wakiwa hawalitumii? Nimecheka, maana swali hilo nililikuta ujanani.

Miaka ile baada ya vita nilikuwa opereta wa simu hapa, na laini ya kwenda Bukoba ilikuwa moja. Kila mtu nilimpa dakika tatu. Siku moja Ma Anjelina alimpigia mwanawe aliyelazwa huko, kwa ugonjwa ambao hatukuutaja jina. Kijana aliongea polepole mno. Dakika zikaisha, nikashika waya nimkatie.

Ta Deo, mchuuzi wa samaki aliyefuata kwenye foleni, akasema, "Mwache, binti. Mimi nataka kusema boti imefika, basi. Dakika zangu zinazobaki mpe yeye."

Nikamwachia Ma Anjelina. Akamwimbia mwanawe wimbo wa kubembelezea mtoto, taratibu, mpaka mwisho. Kisha Ta Deo akasema neno lake, na laini ikaenda kwa mwingine. Hakuna aliyekosa.

Tangu hapo nilimuuliza kila mtu kwanza, "Una maneno mengi?" Sijui kama mashine zako zinaweza kuuliza.

Kijana hakurudi akiwa hai. Lakini kila Jumapili baada ya misa, Ma Anjelina alitutafuta, mimi na Ta Deo, akatushika mikono.

Bibi yako