Betri Juani Pamoja na Omena

Jumatatu, 10 Agosti 1998. Karungu.
Nimeanika omena, dagaa wetu wa ziwani. Pembeni nimeanika betri za redio, zipate nguvu ya taarifa ya saa saba. Tangu lile bomu la Nairobi Ijumaa, redio haijanyamaza, na chakula hakinipiti kooni. Watu bado wako chini ya vifusi. Naogopa. Baba Akinyi anasema nizime. Azime yeye kikohozi chake kwanza.

Jumanne, 11.
Lori la samaki limepasuka gurudumu barabarani. Nikajitupa kifudifudi juu ya omena. Dereva amecheka mpaka akakaa chini. Mimi nimetoa omena kwenye nywele hadi jioni.

Jumatano, 12.
Binti yangu Akinyi anaanza kazi Jumatatu, kupiga taipu kwa wakili huko Homa Bay. Nikauliza ofisi ina madirisha gani. Ya vioo, makubwa. Redio imesema vioo ndivyo vilivyopofusha watu. Nimemwambia haendi. Amelia. Baba yake ameacha chai, akatoka.

Ijumaa, 14.
Jua limezama, Sabato imeingia. Sisi Waadventista hakuna habari mpaka kesho jua lizame tena. Nimeifunika redio kwa leso nisiione. Bado naiona.

Jumamosi, 15.
Katikati ya mahubiri nikanong'ona naenda msalani. Nikaenda kwa Mama Otieno, jirani yetu Mkatoliki. Redio yake haina Sabato. Yawa! Nimemkuta anamenya njugu, redio imezimwa. Kumbe aliizima tangu Jumanne, ilimkosesha usingizi. Nikamwambia naogopa Akinyi atakufa.
Akanisogezea ungo. "Hata mimi naogopa, nyamera, dada yangu. Menya."
Nimemenya siku ya Sabato, Mungu anisamehe. Nimelia, nimemenya, nimekula nyingi. Kurudi, Baba Akinyi akauliza kama nilienda msala wa Tanzania.

Jumapili, 16.
Nimemwambia Akinyi aende. Sharti moja tu, meza iwe mbali na dirisha. Amesema mgeni hachagui meza. Kisha akanikumbatia. Nimelala mchana kutwa, na redio sikuigusa.

Jumatatu, 17.
Akinyi ameondoka kabla ya mapambazuko. Njia ya stendi ina giza, na tochi yake haikuwa na betri. Nikampa za redio.
Nimeanika omena. Kimya. Ndani, Baba Akinyi anakohoa.